Waya Katika Ukuta wa Mama Hetal

Tulimzika Deusi huko Kolandoto wiki iliyopita, na tangu nirudi nyumbani sijapata hamu ya kufanya jambo lolote la maana. Nakaa barazani, chai inapoa, naitazama. Si kwamba nalia. Kwa umri wangu mtu halii sana, anachoka tu. Pale msibani, watu walipokwisha kunawa na kula, binti yake mkubwa alikuja kukaa nami mkekani, akaniamkia, kisha akasema, "Mama mkubwa, baba alikuwa akisema mwaka wenu wa Shinyanga ndio uliomfanya awe vile alivyokuwa. Mlikuwa mnafanya nini hasa?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunaunganisha kompyuta mbili. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Waombolezaji wengine wakafika, tukasimama kuwapokea, na neno letu likaishia hapo. Haya ndiyo ningemweleza, laiti siku ile ningekuwa na nguvu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya hisabati. Deusi alikuwa tabibu aliyejifundisha kompyuta mwenyewe, kwa ubishi tu. Mradi uliotuajiri ulikuwa mdogo, wafadhili wake wako mbali, na mkuu wake tulimwita Dokta, basi. Kazi ilikuwa kujua zebaki inawafanya nini watu wa machimbo ya dhahabu, kutoka Geita hadi kule Runzewe. Wachimbaji wadogo walikuwa wakisaga mawe, wakiuchanganya unga wake na zebaki ili inase dhahabu, halafu donge linalopatikana wakiliweka motoni. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki kwenye kikaango. Moshi ule hauwashi macho wala haukohozi, ndiyo maana hakuna anayeuogopa. Unaingia kimya kimya na kula mishipa ya fahamu. Sisi tulikwenda machimboni tukakusanya mikojo ya watu kwenye vichupa, tukaandika nani anatetemeka na nani anasahau, tukarudi Shinyanga kutafuta maana yake.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindu. Mwenye nyumba alishinda chini na mita yake ya mbao mkononi. Aliyetutawala sisi wa juu alikuwa mkewe, Mama Hetal, mwanamke mfupi, mkali, mwenye Kiswahili cha haraka na moyo mwepesi wa kulisha watu. Ikifika saa saba mchana harufu ya dengu na chapati ilipanda ngazi kabla yake, naye akaja nyuma ya harufu, akaweka sinia mezani juu ya karatasi zetu na kusema, "Kwanza tumbo, hesabu baadaye." Siku ambazo hakuja, Deusi alichemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoleta kutoka kwao, tukaila na maziwa mgando kwenye vikombe vya bati. Madirisha tuliyafunga kutwa nzima kwa sababu ya vumbi, na mashine tulizifunika shuka kila tulipozizima. Joto la humo ndani nalikumbuka kuliko sura za watu wengi niliofanya nao kazi baadaye.

Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya viungo na bado kinanuka bizari, kilikuwa cha Deusi. Humo alikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, yenye betri yake, na ndani yake lugha ya mantiki iitwayo Prolog. Ni lugha ya ajabu kidogo. Haiamriwi ifanye hiki halafu kile. Unaieleza mambo unayoyajua na kanuni zake, kisha unaiuliza swali. Deusi aliiandikia kanuni za kitabibu: mtu akiwa anachoma dhahabu au analala inapochomewa, na akiwa anatetemeka, na zebaki yake ikizidi ya watu wasiochoma, basi ameathirika. Ukiuliza, "Fulani ameathirika?" inapekua yote iliyoambiwa, inakujibu ndiyo au hapana. Chumba cha mbele kilikuwa changu. Mle kulikuwa na mashine kubwa ya takwimu, tuliyoiita seva, iliyonguruma kama kinu. Hiyo haikujua ndiyo wala hapana. Ukiiuliza inakupa wastani, inakupa kiasi cha kutawanyika, inakupa uwezekano. Sasa neno moja la kanuni za Deusi, "ikizidi", lilikuwa halina maana bila seva. Kuzidi ni kuzidi kiasi gani, kwa mwanamke wa umri huu, wa kijiji hiki, anayekula samaki au asiyekula? Seva ndiyo iliyoweza kusema.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo tulikuwa matarishi wa mashine. Nakokotoa, naweka majibu kwenye disketi, navuka ukumbi, Deusi anaiingiza kwake, inakataa kwa ajili ya vumbi, narudi. Sampuli mpya zikija, hesabu yote inaanza upya. Siku moja Dokta alisimama ukumbini akatutazama tunavyopishana, akasema, "Lakini si mzifunge waya zizungumze zenyewe?" Alisema kama anayeagiza chai. Tukacheka, lakini tulijua ndiyo kazi yenyewe.

Fundi akatoboa ukuta. Mama Hetal alisimama mlangoni, upande wa ukumbini kukiwa na rafu ndogo ya miungu yake, akauliza kwa nini tundu lazima lipite pale. "Ukuta wangu umekukosea nini?" alimwambia fundi. Hata hivyo, waya ulipopita ndiye aliyeleta kitambaa cha kuziba pembeni mijusi isipenye. Waya kupita ilikuwa rahisi. Taabu ilikuwa lugha. Upande mmoja ulitaka kauli, upande mwingine ulitoa safu za namba. Upande mmoja ulisubiri jibu, mwingine ulijibu ukaendelea kuongea bila kujua kama umesikiwa. Nilikaa wiki nyingi naandika programu ya kati, mkalimani, wa kupokea swali la Prolog, kuligeuza liwe hesabu, kulipeleka kwa seva, na kurudisha jibu kama kauli ambayo Prolog ingeikubali. Kupitia sakafu nilisikia mita ya mbao ikigonga meza dukani, wanunuzi wakibembeleza bei ya kaniki, na siku nyingine sauti za wafanyabiashara wa dhahabu waliopita kumsalimu mwenye nyumba. Mmoja alimwambia, "Hawa wa juu wanataka kututia umaskini na mikojo yao." Mwenye nyumba akajibu taratibu, "Wanalipa pango. Wewe unakunywa chai yangu bure."

Asubuhi moja Deusi, akiwa chumbani kwake, aliiuliza mashine yake wastani wa moja, mbili na tatu. Swali likapita ukutani. Kimya. Kisha kutoka stoo ya bizari nikamsikia akipaza sauti: "Koleta! Mbili! Imesema mbili!" Nilikimbia ukumbini, nikajigonga bega mlangoni, na wote wawili tukasimama mbele ya kioo tukiitazama ile mbili kama mtoto mchanga. Mama Hetal alipanda kuuliza nani amekufa. Tulipomweleza akashangaa: "Miezi yote hii, kujua mbili?" Lakini alituletea jalebi, vitamu vyao vya sukari. Nikikumbuka leo naona kwamba sijawahi kufurahi tena namna ile kazini, na sijui nijihurumie au nishukuru kwamba ilitokea hata mara moja.

Tulimwambia Dokta kazi haijakamilika. Mkalimani wangu alikuwa bado hajui la kufanya umeme ukikatika katikati ya swali, na umeme wa Shinyanga ulikatika ulivyopenda. "Usitoe majibu ya watu bado," Deusi alimsihi. Dokta akasema sawa. Hakuwa mtu mbaya. Nilimsikia mara nyingi kwenye simu ya ofisini, mlango haukufungika vizuri, akimwambia mkewe, "Nikishindwa huu mradi hawanipi mwingine. Subiri kidogo tu, mama." Basi tukamwacha na mashine, tukapanda Landrova kwenda machimbo ya mbele ya Runzewe kukusanya sampuli za mwisho.

Tulipokuwa huko, wafadhili wakapiga simu kwamba wanakuja. Dokta akaziwasha mashine mwenyewe, akauliza majina ya kijiji kizima, jina baada ya jina. Mahali fulani katikati umeme ukakatika. Seva ikazimika. Kompyuta ya Deusi, ikiwa na betri yake, iliendelea kuuliza. Na hapa ndipo penye tabia ya lugha ile: kitu ambacho haikuweza kukithibitisha inakihesabu si kweli. Swali lilipita ukutani, likakuta kimya, likarudi mikono mitupu, na mashine ikaandika hapana. Jina linalofuata, hapana. Linalofuata, hapana. Umeme uliporudi Dokta akachapisha majibu, akampa dereva wa gari la pili, na majibu yakasomwa mkutanoni kwenye kijiji kile tulichokuwa tumekipima mwanzo. Sisi tulikuwa kijiji cha jirani, hatukujua kitu.

Katika kijiji hicho aliishi Mama Kulwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mama wa mapacha wadogo, Kulwa na Doto, na ndiye aliyeaminiwa na wachimbaji kuliko wote kuchoma dhahabu yao. Alichomea jikoni kwake, kwenye mafiga yale yale ya ugali, nao walisimama mlangoni wakichungulia ili wasiibiwe hata chembe. Tulipopita kwake tukielekea nyumbani alitukaribisha chakula. "Mwangaluka, daktari! Mwangaluka, dada! Leo hamwondoki bila kula." Alikuwa na furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akaleta jagi na beseni tunawe. Maji yakamwagikia magoti yangu, halafu yakamwagikia mkeka, na alipojaribu kulisimamisha jagi mkono wa kwanza ulitetemeka zaidi kwa kushikwa na wa pili. Akacheka. "Uzee huu! Lakini wabeja sana, asanteni kwa kweli. Tumesomewa juzi. Mashine yenu imesema sina kitu. Nilikuwa naogopa kuwasha moto, sasa nawasha bila wasiwasi."

Deusi aliacha kutafuna. Pembeni ya mafiga, Doto alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, na juu ya kikaango kilichoegemezwa ukutani kulikuwa na ule weupe kama wa majivu unaoachwa na zebaki. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga. Deusi akauliza kwa upole nani mwingine alisomewa hana kitu. "Wote kuanzia mimi," alisema Mama Kulwa. "Waliotangulia wengine walikuwa nacho, maskini. Kuanzia jina langu, hakuna." Tulitazamana. Magonjwa hayakatiki kwenye jina la mtu mmoja. Umeme ndio unaokatika hivyo.

Tuliporudi Shinyanga Dokta alikuwa ukumbini na wageni wameshaondoka, sahani za keki bado mezani. Deusi hakusubiri hata kukaa. Alimweleza. Dokta akasema, "Mashine imesema hapana."

"Haikusema, Dokta. Iliuliza haikujibiwa."

"Wageni wameshaonyeshwa. Wamefurahi."

"Yule mama hawezi kushika jagi la maji."

Dokta alikaa kitini, akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokuwa amechoka, pengine kuliko sisi. Akasema jambo ambalo sijaweza kulipuuza hata leo. "Sikilizeni. Mkirudi kule mkasema tulikosea, nani atatupa mkojo wake tena? Wataturushia mawe. Na mtafiti mwingine akija baada yetu, watamrushia na yeye." Hakuwa anadanganya. Deusi akajibu, "Shikamoo yangu nakupa, Dokta, lakini watoto wanalala karibu na lile jiko." Akaingia stoo ya bizari akafunga mlango. Nilibaki na Dokta. Aliniuliza bila kunitazama, "Na wewe?" Nikamwambia nitairudia hesabu yote, umeme ukiwepo, nikiwa nimekaa mbele ya seva mwenyewe. Hakusema ndiyo, wala hakunikataza.

Tuliirudia. Kwanza tulimfundisha mkalimani jambo alilolikosa, kwamba kimya si jibu: asipojibiwa, asimame, aseme hajajibiwa, asiendelee. Ilikuwa mistari michache tu ya programu, na kwa uchovu niliokuwa nao niliikosea mara kadhaa kabla haijakubali. Halafu tukauliza jina la Mama Kulwa. Swali likapita, seva ikanguruma, jibu likaja. Ndiyo. Tukauliza la Kulwa. Ndiyo. La Doto likarudi hapana, na nilishika ukingo wa meza kwa shukrani. Wanawake wengine wachomaji wa kijiji kile walikuwa ndiyo karibu wote. Mama Hetal alitukuta tumekaa sakafuni, sinia la mchana halijaguswa. Akatutazama, akaliondoa, akarudi nalo limepashwa moto.

Dokta alisema gari lina kazi nyingine. Basi tukadandia lori lililokuwa linapeleka mashudu ya pamba Runzewe, tukakaa juu ya magunia, Deusi amejifunga kanga yangu usoni kwa ajili ya vumbi. Njiani aliniuliza, "Tutaanzaje?" Nikamwambia ataanza yeye kwa sababu anajua Kisukuma kuliko mimi. Na kweli alianza yeye, uani kwa Mama Kulwa, wanawake wachomaji wakiwa wamekusanyika na mdogo wake Mama Kulwa, Minza, akiwa amesimama mlangoni. Alisema polepole, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, kwamba yale yaliyosomwa yalikuwa ya uongo, kwamba umeme ulikatika, mashine moja ikanyamaza, na nyingine ikadhani kunyamaza ni kusema hapana.

Mama Kulwa alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mashine ilinyamaza," alisema, "na ninyi mkaja kunisomea kwamba niko mzima."

"Ndiyo, mayu," alijibu Deusi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na wanangu?"

Deusi akamwambia Kulwa anayo, Doto hana. Hakuna aliyerusha jiwe. Dokta alikosea hapo, ingawa nadhani mawe yangekuwa nafuu. Mama mmoja mzee alijiinukia akaenda zake bila kuaga, na hakuwahi kutusemesha tena. Mwingine aliuliza dawa iko wapi, na ilibidi Deusi aseme kwamba dawa ya kwanza ni kuacha moshi. Wakacheka kicheko kikavu. Kuacha moshi ni kuacha unga wa watoto.

Mradi ulifungwa kabla ya mvua. Wafadhili walipata taarifa iliyosahihishwa. Dokta aliisaini yeye mwenyewe, nampa heshima yake kwa hilo, na hakupewa mradi mwingine, kama alivyokuwa ameogopa. Seva ilibebwa, tundu la ukutani Mama Hetal aliliziba kwa saruji. Mimi nilikwenda Dar es Salaam nikafanya kazi za mabenki mpaka nikastaafu. Deusi alirudi kwenye utabibu na kuzunguka machimbo hayo miaka yake yote iliyobaki, Buseresere, Runzewe, kote, akiwatibu wachomaji. Aliniandikia kwamba Kulwa alichelewa shule lakini alimaliza, na kwamba mikono ya mama yake haikutulia tena kabisa. Watu wananiuliza kama kazi ile ilisaidia kitu. Siku hizi sina nguvu za kubishana. Nawaeleza tu niliyoyaona mchana ule, tulipokuwa bado uani kwa Mama Kulwa.

Wachimbaji walifika na madonge yao ya siku ile, wamefunga kwenye vitambaa. Minza akaingia jikoni, akatoka na kikaango. "Dada apumzike," alisema. "Nitachoma mimi." Alikuwa msichana mbichi, mikono yake imetulia kama maji ya mtungi. Deusi alifumbua mdomo, lakini Mama Kulwa alikuwa ameshasimama. Alimpokonya mdogo wake kikaango, kikawa kinagongana na bangili zake kwa kutetemeka, akatoka nacho nje ya ua, akapita nyumba ya mwisho mpaka kwenye uwanja mtupu penye visiki vya mihogo. Akaweka mawe matatu. Akarudi kuchukua moto kwenye kigae, akaupeleka. Wanaume walimfuata wakinung'unika, wakidhani kazi imehamishwa tu.

"Moto nawapa," akawaambia. "Kikaango nawapa. Kuchoma, kila mtu achome yake mwenyewe, na moshi wake auvute mwenyewe."

"Mama Kulwa, sisi hatujazoea."

"Mimi nani alinizoeza?"

Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemtetea. Mwishowe mmoja wao, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, alichuchumaa mbele ya mawe yale, akaweka donge lake kwenye kikaango, akashika mpini. Kisha akausimamisha mkono wake, akainua uso, na nikamwona akigeuza shingo huku na huku, akiutafuta upepo unakotoka.